Neno Moja, Kazi Mbili: Jinsi ya Kuyashika Maneno ya Kiingereza Yaliyo Nomino na Kitenzi kwa Wakati Mmoja

Kiswahili humwonyesha msomaji aina ya neno kwenye mwili wa neno lenyewe. "Mpishi", "upishi" na "mapishi" ni nomino. "Anapika", "walipika" na "hajapika" ni vitenzi, na utayajua hivyo hata yakikatwa na kuwekwa peke yake kwenye kikaratasi. Hata machache yanayofanya kazi mbili, kama jibu, hesabu, hukumu na dharau, yakiingia kwenye sentensi hujitaja mara moja: "jibu lake" si sawa na "alijibu".

Kiingereza hakifanyi hivyo. "Cook" ni mpishi, na "cook" hiyohiyo ni kupika. "Water" ni maji na pia ni kumwagilia. "Book" ni kitabu, na ni kuweka nafasi ya chumba au tiketi. Neno halivai chochote linapohama kutoka kazi moja kwenda nyingine. Ndiyo maana mwanafunzi anayejua maana ya kila neno bado hukwama katikati ya sentensi: anautafuta utambulisho mahali usipo. Katika Kiingereza utambulisho uko kwenye nafasi ya neno. Liache neno, tazama majirani zake.

Zamani haikuwa hivi. Zaidi ya miaka 1000 iliyopita upendo uliitwa "lufu" na kupenda "lufian". Jibu lilikuwa "andswaru" na kujibu "andswarian". Miishio hiyo ililegea midomoni mwa watu karne baada ya karne, na kufikia miaka ya 1500 jozi hizo zilikuwa zimebaki na umbo mojamoja, "love" na "answer". Tangu hapo karibu nomino yoyote inaweza kujaribiwa kama kitenzi. Wapo waliokereka: mwaka 1789 mwanasiasa wa Marekani Benjamin Franklin alimwandikia mtunga kamusi Noah Webster akilalamikia "notice", "advocate" na "progress" kutumiwa kama vitenzi. Leo vyote vitatu ni vitenzi vya kawaida.

Kulitambua neno unaposoma

Anza na neno lililotangulia. Likiwa "a", "an", "the", "my", "this", "some", "every", kivumishi au kihusishi kama "in" na "for", unachosubiri ni nomino: "the walk", "my answer", "for sale". Likiwa "will", "can", "must", "should", "don't", "didn't", au kiwakilishi cha kiima kama "I", "they", "we", kinachofuata ni kitenzi: "they walk", "don't answer".

Neno dogo "to" lina mtego wake. Kuna "to" ya kihusishi, yenye maana ya kwenda mahali, na "to" inayotangulia kitenzi kama "ku-" yetu. "I go to work" ni "naenda kazini", na "work" hapo ni nomino. "I have to work" ni "lazima nifanye kazi", na "work" ni kitenzi. Kama huna uhakika, jaribu kuweka "the market" mahali pa neno linalofuata "to". "I go to the market" inakubali, kwa hiyo nafasi ile ni ya nomino. "I have to the market" inakataa, kwa hiyo nafasi ile ni ya kitenzi.

Kisha tazama mkia. "-ed" humaanisha kitenzi, au kivumishi kilichotokana nacho. "-ing" hutoka kwenye kitenzi, ingawa inaweza kusimama mahali pa nomino kama "kupika" yetu inavyosimama kwenye "kupika ni kazi". Mkia unaosumbua ni "-s", kwa sababu unabandikwa pande zote mbili: kwenye nomino ni wingi, kwenye kitenzi ni alama ya nafsi ya tatu umoja. Hapa kuna msaada mzuri. Katika sentensi ya wakati uliopo yenye nomino ya kawaida, "-s" kwa kawaida hukaa upande mmoja tu. "The guard watches" ni mlinzi mmoja; "the guards watch" ni walinzi wengi. Ukikuta "guards watch" zimefuatana, ya kwanza imebeba "-s" ya wingi, basi ya pili ndiyo kitenzi.

Mwisho, hesabu vitenzi. Kila sentensi kamili inadai kitenzi kimoja kilichovikwa wakati. Ukimaliza kusoma bila kukipata, kuna kitenzi umekisingizia kuwa nomino, rudi ukitafute.

Tuchukue kichwa cha habari, kwa sababu hapo ndipo watu huumia zaidi. Magazeti huondoa "the", "a" na "is", yaani huondoa majirani wenyewe tunaowategemea:

"Council plans face public protest"

Maneno matano, na matatu kati yake yana kazi mbili. Msomaji wa haraka hufika "council plans" akasema "baraza linapanga", halafu anagonga ukuta: linapanga uso? Hapo asilazimishe. Arudi nyuma aifanye "plans" kuwa nomino ya wingi, "mipango ya baraza". Sasa sentensi haina kitenzi, na mgombea aliye karibu ni "face". Kama kitenzi "face" ni kukabili au kukabiliwa. "Public" inaeleza "protest", na "protest" imekaa mwisho kama kitendwa, kwa hiyo ni nomino. Matokeo: "Mipango ya baraza yakabiliwa na upinzani wa wananchi". Ukishindwa, badilisha aina ya neno la pili kwanza; mara nyingi ndilo lililokupoteza.

Mlango wa "piga"

Kusoma ni nusu tu. Nusu ya pili ni kujua nomino ipi unaweza kuigeuza kitenzi unapoandika au kuzungumza, na hapa Mswahili ana faida ambayo haitumii. Pale ambapo Kiswahili huchukua nomino na kuitanguliza "piga", Kiingereza mara nyingi huichukua nomino hiyohiyo na kuifanya kitenzi, bila msaidizi yeyote.

Kupiga simu ni "phone" au "call". Kupiga pasi ni "iron", na pasi yenyewe ni "iron". Kupiga mswaki ni "brush". Kupiga deki ni "mop", kupiga rangi ni "paint", kupiga muhuri ni "stamp", kupiga kura ni "vote", kupiga kambi ni "camp", kupiga mnada ni "auction", kupiga marufuku ni "ban", kupiga busu ni "kiss", kupiga teke ni "kick", kupiga mluzi ni "whistle", kupiga chafya ni "sneeze". Fundi seremala anapiga randa: randa ni "plane" na kupiga randa ni "plane". Anapiga msasa: karatasi ni "sandpaper", na kitendo ni "sandpaper" au kwa kifupi "sand". Fundi ujenzi anapiga plasta: "plaster". Makanika anapiga jeki: "jack", ila gari ikiinuliwa husemwa "jack up".

Kosa linalotokea ni kutafsiri "piga" yenyewe. "I will beat you a phone" haina maana, na "beat the shirt with the iron" inamfanya msikilizaji aione shati ikichapwa. Tupa "piga", baki na nomino, ivike wakati: "I phoned him", "she ironed the shirt", "they voted".

Mlango huu una mbao chache zilizooza. Kupiga kelele si "noise". Sema "make noise" au "shout". Kupiga magoti ni "kneel", wala si "knee". Kupiga risasi ni "shoot", wala si "bullet". Kupiga picha inakubali "photograph", lakini katika mazungumzo watu husema "take a picture". "Picture" kama kitenzi ni kuwaza kitu akilini.

"Tia" nayo hufanya kazi hivyohivyo. Kutia chumvi chakulani ni "salt", kutia siagi mkate ni "butter", kutia alama ni "mark", kutia kiraka ni "patch", kutia nanga ni "anchor". Ya kuangalia ni kutia sahihi. Kitenzi ni "sign", lakini sahihi iliyoandikwa ni "signature". "Sign" ikiwa nomino ni ishara au kibao. Anayeandika "put your sign here" anaomba kibao.

Kuweka au kutoa?

Nomino ikigeuka kitenzi, maana haiji kwa kubahatisha. Kifaa huwa kitendo kinachofanywa nacho: "hammer", "comb", "lock". Chombo huwa kutia ndani yake: "bottle", "box", "pocket". Mtu huwa kufanya kazi ya mtu huyo: "guard", "nurse", "guide", "coach".

Kundi linalowachanganya watu ni la vitu vinavyowekwa juu ya kitu au kutolewa. "Salt the fish" ni kumtia samaki chumvi, lakini "scale the fish" si kumtia magamba, ni kumparua. Kanuni yake inaeleweka ukiitazama jikoni. Kama kitu kinatoka nje, kitenzi ni kuweka: "oil", "paint", "water", "butter". Kama kitu ni sehemu ya asili ya mnyama au tunda, kitenzi ni kutoa: "skin the goat" ni kumchuna mbuzi, "bone the fish" ni kumtoa miiba, "shell the groundnuts" ni kubambua karanga, "milk the cow" ni kukamua. Machache yanakwenda pande zote, na hapo kitendwa ndicho kinachoamua. "Dust the table" ni kufuta vumbi mezani, "dust the cake with sugar" ni kuinyunyizia keki sukari. "Stone a man" ni kumpiga mtu mawe, "stone the dates" ni kutoa kokwa za tende.

Viungo vya mwili vinastahili kujifunzwa kimoja kimoja kwa sababu vimehama mbali. "Hand me the knife" ni nipe kisu. "Head" ni kuongoza, kuelekea, au kupiga mpira kwa kichwa. "Shoulder" ni kubeba mzigo au wajibu, "foot the bill" ni kulipa gharama, "stomach" ni kuvumilia na karibu kila mara huja kwenye kukanusha: "I can't stomach it". "Back" ni kumuunga mtu mkono. Sisi tunatoa mkono, wao wanatoa mgongo.

Neno "table" linahitaji tahadhari kwa anayesoma habari za bunge. Kwa Uingereza, na katika mabunge yetu yaliyorithi taratibu zake, "table" ni kuwasilisha mezani ili jambo lijadiliwe. Kwa Marekani ni kinyume chake, kuliweka jambo kando lisijadiliwe sasa. Kabla ya kutafsiri, jua maandishi yametoka wapi.

Mkazo: herufi zilezile, sauti mbili

Maneno kadhaa ya silabi mbili hubadili mkazo yanapobadili kazi. Nomino huweka mkazo mwanzo, kitenzi mwisho. "Record" nomino hutamkwa REK-od, kitenzi ri-KOOD. "Present" zawadi ni PREZ-ent, kuwasilisha ni pri-ZENT. "Object" kitu ni OB-jekt, kupinga ni ob-JEKT. Vivyo hivyo "permit", "export", "import", "increase", "conflict", "suspect", "insult", "rebel" na "produce". Hii ya mwisho ikiwa nomino ni mazao ya shamba.

Sababu ya sisi kukosea inajulikana kabisa. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Neno la silabi mbili kwa hiyo hupata mkazo mwanzo bila sisi kufikiri, kama BA-ba, KU-ku, ME-za. Tukisoma "export" kwa mazoea hayo nomino inatoka sahihi, kitenzi kinatoka kibaya. Kwa hiyo nguvu ya mazoezi ipelekwe kwenye vitenzi tu. Vitanguliza na "to" au "will" na uvute silabi ya mwisho: will ex-PORT, to per-MIT, to sus-PEKT. Neno lililokwishaingia Kiswahili huleta kosa la upande wa pili: tunasema re-KO-di, kisha tunasema "world re-KOOD" kwa nomino iliyopaswa kuwa REK-od.

Usiipeleke kanuni hii kila mahali. "Report", "control", "support", "repair", "reply", "request", "respect", "attack" na "delay" yana mkazo mwisho katika kazi zote mbili. "Answer", "visit", "promise", "offer", "order", "notice" na "damage" yana mkazo mwanzo katika zote. Kwenye kamusi nyingi, alama ndogo ya mkazo, kijistari kilichosimama juu, huwekwa kabla ya silabi yenye mkazo. Wengi wanaisoma kama imewekwa baada yake, na hivyo hujifunza kinyume.

Maneno ya "-ate" hayahamishi mkazo. Hubadili irabu ya mwisho. "Estimate", "graduate", "delegate" na "duplicate" yakiwa nomino huishia kwa "-it" nyepesi, yakiwa vitenzi huishia "-eit" nzito.

Sauti ya s na z, na tahajia zake

"Use", "house", "excuse" na "abuse" huandikwa vilevile, lakini nomino hutamkwa kwa s na kitenzi kwa z: "yus" ni matumizi, "yuz" ni kutumia. "Refuse" inakusanya mabadiliko yote mawili: REF-yus ni takataka, ri-FYUZ ni kukataa.

Wakati mwingine tofauti hiyo imeingia kwenye maandishi. Kwa tahajia ya Uingereza, inayofundishwa Kenya, Tanzania na Uganda, nomino huchukua c na kitenzi s: "advice" na "advise", "practice" na "practise", "licence" na "license". Ndani ya "advice" na "practice" mna "ice", barafu, ambayo ni kitu. Basi hizo ni nomino. Wamarekani huandika "practice" na "license" kwa kazi zote mbili, lakini "advice" na "advise" hutenganishwa kote. Kumbuka pia kwamba "advice" haihesabiki: "some advice" au "a piece of advice", kamwe si "an advice". Jozi nyingine hubadili f kuwa v, au huongeza e: "belief" na "believe", "proof" na "prove", "half" na "halve", "breath" na "breathe".

Kukivika kitenzi kipya

Nomino ikishakuwa kitenzi hufuata kanuni ya kawaida ya "-ed", na makosa huwa kwenye tahajia. Silabi moja yenye irabu fupi moja na konsonanti moja mwishoni hurudia konsonanti: "plan", "planned", "pin", "pinned", "mop", "mopped". Irabu mbili hazirudii: "mail", "mailed". Kwa silabi mbili, mkazo ndio unaoamua, na hapa somo la juu linalipa: "per-MIT" inakuwa "permitted", lakini "VIS-it" inabaki "visited". Herufi l ina sheria yake kwa Waingereza, "travelled" na "cancelled". "Copy" huwa "copied", "play" huwa "played". Na "text" huwa "texted". "I text him yesterday" ni kosa, hata kama ulimi unapata tabu.

Kitenzi kilichozaliwa na nomino hakirithi mabadiliko ya ndugu yake wa zamani. "Ring" ya kengele ni "rang", lakini "ring" ya kuzungushia duara ni "ringed": "police ringed the house".

Yapo maneno ambayo hayakubali kugeuzwa. "I want to success" haipo. Kitenzi ni "succeed". "Death" kitenzi chake ni "die", "speech" ni "speak", "choice" ni "choose", "loss" ni "lose". "Mistake" inakubali, lakini maana yake ni kudhani kitu ni kingine: "I mistook him for his brother". Kukosea ni "make a mistake".

Safari ya kurudi, kutoka kitenzi kwenda nomino, hupitia "have", "take" na "give": "have a look", "take a walk", "give it a try". Maana yake ni tendo la mara moja, fupi, mara nyingi la kustarehe. "I had a swim" ni niliogelea kidogo, nikatoka. Ukiwa na mahali pa kufika umbo hili halifai: "I swam across the river" ni sawa, "I had a swim across the river" inakwaruza sikio.

Jipime

Taja aina ya kila neno lenye kazi mbili kabla ya kusoma majibu. Moja: "The nurse will dress the wound before she changes her dress." Mbili: "Workers strike over pay cut." Tatu: "I saw her duck." Nne: "The young guide the old across the river."

Katika ya kwanza, "dress" ya mwanzo imetanguliwa na "will", ni kitenzi, kufunga kidonda; ya mwisho imetanguliwa na "her", ni gauni. "Nurse" na "wound" zina "the", ni nomino. Ya pili: "workers" imebeba "-s" ya wingi, basi "strike" ndiyo kitenzi, wamegoma, "pay" inaeleza "cut", na zote ni nomino, kwa sababu ya upunguzaji wa mshahara. Ya tatu ina majibu mawili, kwa kuwa "her" ni "wake" na pia ni "yeye": nilimwona bata wake, au nilimwona akiinama ghafla. Weka mwanamume na utata unaondoka, "his duck" ni bata, "him duck" ni kuinama. Ya nne huwanasa wengi kwenye "the young guide", kiongozi kijana. Hesabu vitenzi: hakuna. Rudi kwenye "guide" uifanye kitenzi, nayo "the young" isimame peke yake kama "vijana": vijana wanawaongoza wazee kuvuka mto.